Ukurasa wa Kumi na Nne

Jumamosi, 1 Machi

Leo nimepewa akili moja kati ya tano, na aliyenipa ni Ludovick.

Niandike tangu mwanzo ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuwa mpole. Sisi ni wanne. Ludovick ni fundi kompyuta, Mchaga wa Machame, mwenye mdomo. Aminiel anachora mabango ya maduka. Naeku anauza dawa katika famasi moja huku mjini, na tunajuana tangu kidato cha tano. Na mimi, Nashipae, wa koo za wafugaji wa Ngaramtoni, natoa kopi na kuchapa barua za watu kwenye duka la steshenari hapa Kaloleni. Kila Jumamosi saa tisa, mwenye duka akishaondoka, tunakaa chumba cha nyuma kati ya maboksi ya karatasi na kucheza mchezo wa safari. Kila mtu ana mhusika wake. Ludovick ndiye Msimulizi: anatuambia mko mbele ya pango, mnafanya nini, nasi tunarusha dadu kujua kama tumeweza au tumeshindwa.

Tulijifunzia kwenye kitabu cha Kiingereza alichokiacha mgeni mmoja wa kujitolea. Kina majoka, kina ngome, kinanoga. Lakini mle ndani kila ukoo umezaliwa na alama zake. Weupe wa msituni wana busara na sauti nzuri. Weusi wanakaa mapangoni na wanachukia mwanga. Majitu ya nyikani yana nguvu nyingi na akili kidogo, na ukiyaua hakuna anayekuuliza. Mwaka mzima tumeyaua. Krismasi iliyopita Naeku akauliza, "Hivi haya majitu hayana watoto?" Siku ile ile tukaamua tuandike mchezo wetu, kwa Kiswahili, wenye mlima wetu. Mchezo unaitwa Mlima Mweusi, na tumeshapewa meza kwenye Siku ya Vitabu ya vijana, tarehe 31 Mei.

Basi leo Ludovick kaleta rasimu ya koo. Wa kwanza, Warefu wa Magharibi: wana mifugo, wanavaa shuka, nguvu tano, akili moja, kazi yao kulinda mageti.

"Huyu ni mimi," nikasema.

"Siyo wewe, dada. Ni mchezo. Mbona Wachuuzi wa Mashariki nimewaandikia wanapenda duka kuliko mama zao? Hao si sisi Wachaga? Umeniona nimekasirika?"

"Umejipa akili tano, halafu ukajiongezea na duka."

Aminiel alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikucheka. Marehemu baba alilinda geti la watu kule Njiro miaka kumi na moja, na hesabu za kidato cha nne ndiye aliyenifundisha, palepale getini, kwa mkaa juu ya ukuta.

Naandika hapa iwe ahadi: kitabu chetu hakitatoka na upuuzi huo, hata kama ni mimi na wao mpaka Mei.

Jumanne, 4 Machi

Jua kali. Mlima uko wazi mpaka kileleni. Nimechapa barua tatu za kuomba kazi, zote za ulinzi.

Jumamosi, 8 Machi

Tumegombana saa mbili nzima. Ludovick anasema mchezo bila tofauti za koo ni uji bila sukari. Mimi nasema tofauti ziwepo, mtu apende mvua au jua, ajue ng'ombe au migomba, lakini akili asizaliwe nayo kwenye karatasi. Aliyemaliza ugomvi ni Naeku, ambaye kwa kawaida huongea mara mbili tu, akifika na akiondoka.

"Mtoto akizaliwa, nani kamhesabia akili? Mpeni alama kwa alichofanya."

Tukaandika Kanuni ya Kwanza kwa kalamu nyekundu: *Hakuna anayezaliwa na alama. Alama hupatikana njiani.* Ludovick akanisukumia daftari. "Haya mheshimiwa, sura ya koo andika wewe."

Nimeshinda. Nimerudi chumbani nikiimba.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Kaloleni yote inanuka vumbi lililolowa. Mlima umejifunika.

Jumapili, 16 Machi

Nimetoka kanisani nikaenda Ngaramtoni kwa Koko, bibi yangu aliyenilea. Nilimpelekea dawa zake za presha. Naeku ndiye anayenifungia kila mwezi, mwaka wa tatu sasa, na kwa kuwa Koko hajui kusoma, anamchorea jua kwenye pakiti ya asubuhi na mwezi kwenye ya jioni. Koko anasema huyo mtoto wa famasi ana adabu kuliko mimi.

Tulipanda maharage mpaka saa nane. Kisha akaja mtu wake wa sokoni kumletea kisu. Koko ana kipini cha mpingo alichoachiwa na marehemu babu, na kila masika hukituma mtaa wa Kwa Mrombo kitiwe chuma kipya. Leo kwa mara ya kwanza niliangalia vizuri anavyokipokea. Hakukigusa. Alichukua kwanza kibuyu kidogo cha mafuta ya kondoo, akajipaka viganja vyote viwili taratibu, ndipo akashika.

"Kwa nini, Koko?"

"Kimetoka kwa olkunoni, mfua chuma. Mikono yao ina moto. Chuma kinamwaga damu, na damu inamrudia aliyekifua. Hatuwashiki mkono, hawalali kwetu, hatuwaoi na hawatuoi. Mama yangu alijipaka, na mimi najipaka."

Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta, kitu chetu wenyewe ambacho hakimo katika kitabu cha mgeni yeyote! Nimeyaandika yote nyuma ya bahasha ya sadaka.

Jumatano, 19 Machi

Nimeandika wakati wa chakula cha mchana na nimesahau kula. Ukurasa wa kumi na nne, ukoo wa saba, Wana wa Nyundo. Wanaishi nje ya boma. Damu yao ina moto wa laana. Atakayewashika mkono bila kujipaka mafuta anapoteza alama mbili. Hawaoi wala hawaolewi katika koo nyingine. Nasema bila aibu kwamba ndio ukurasa mzuri kuliko yote.

Jumamosi, 22 Machi

Niliwasomea. Ludovick akapiga makofi, akasema hapa sasa dada umetisha. Aminiel akachora hapohapo: mzee aliyepinda mgongo, masizi usoni, macho mekundu.

Naeku akauliza, "Kanuni ya Kwanza inasemaje?"

"Hakuna anayezaliwa na alama."

"Na hawa?"

"Hawa ni tofauti. Hii ni mila, Naeku, siyo dharau. Nimeitoa kwa Koko mwenyewe."

Akanisogezea dadu. Tulicheza. Ludovick akasema mto umefurika, wote tumevuka, amebaki Sidai, yule mganga ambaye Naeku humcheza. Sidai, unavuka?

"Sidai anabaki huku," akasema Naeku, akachukua mkoba wake na kuondoka kabla ya chai, katikati ya mvua.

Nadhani ana homa. Wiki nzima wagonjwa wanamkoholea dirishani.

Jumamosi, 29 Machi

Naeku hakuja. Sidai bado yuko ng'ambo ya mto.

Alhamisi, 3 Aprili

Simu yake inaita tu. Mvua siku ya sita mfululizo.

Jumamosi, 5 Aprili

Naeku hakuja. Ludovick alitaka kumpeleka Sidai na mafuriko ili safari iendelee. Nilimwambia akimgusa Sidai namtoa nje yeye. Akanishangaa, nami nikajishangaa.

Jumanne, 8 Aprili

Mwenye duka ameturuhusu kutumia mashine. Nakala sitini, zimechapwa upande mmoja tu wa karatasi, nimezibana stepla kwa mikono yangu mpaka kidole gumba kimevimba. Nakala ya kwanza nimemwandikia Naeku jina lake. Jumamosi nampelekea kwao, atake asitake.

Jumamosi, 12 Aprili

Niandike pole pole.

Nilikuwa sijawahi kufika kwao Naeku. Miaka yote hii ya urafiki, amelala kwangu mara zisizo na idadi, amekula kwenye sufuria yangu, lakini kila nikisema leo twende kwenu ana sababu: kuna msiba, kuna wageni, njia imeharibika. Na nikimwalika Ngaramtoni, vivyo hivyo. Nilimhesabu tu kuwa mvivu wa kutembea. Ninachokijua ni kwamba baba yake ni Mzee Ezra, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, huko Kwa Mrombo.

Nilivuka soko, tope mpaka kwenye vifundo, nikauliza fundi mageti, nikaonyeshwa. Mbele kuna mageti yamesimamishwa, mazuri, yenye maua ya chuma. Hakukuwa na mtu. Nikasikia nyundo nyuma ya nyumba, nikazunguka. Mzee alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, mfuko wa ngozi unapuliza, na juu ya fuawe kuna kipande cha springi ya gari kinakuwa kisu. Pembeni, kwenye turubai, visu vingine kumi hivi vinasubiri vipini.

"Shikamoo baba." Nikainamisha kichwa anishike utosini, kama tunavyosalimia wazee wetu.

"Marahaba." Mkono wake ukainuka, ukafika nusu, akautazama, akaurudisha. "Wewe ni wa nani?"

"Mollel wa Ngaramtoni. Bibi yangu ni Penina."

"Penina mwenye kipini cha mpingo?" Akacheka kidogo, bila ubaya. "Nakitia chuma mwaka wa thelathini huu. Hajawahi kufika hapa, hutuma mtu. Lakini kipini nakifahamu. Kina ufa karibu na kichwa, mwambie asikitie kwenye maji moto."

Nilibaki nimeinama kama mjinga. Fundi mageti nilimjua kwa habari. Mchungaji humshika mkono mwenye mageti, na nina uhakika hata Koko angemshika. Olkunoni hakuna anayemshika. Na huyu hapa alikuwa mtu mmoja, na ni baba yake Naeku, na kwenye mkoba wangu kuna ukurasa wa kumi na nne wenye picha yake, mgongo umepinda, macho mekundu.

"Naomba unishike kichwa, baba."

"Bibi yako akisikia?"

"Ninayeomba ni mimi."

Alijifuta kwenye ovaroli, akanigusa haraka, kama mtu anayepima pasi kama imeshika moto. Nilitaka kulia na sikulia.

Naeku akatokea mlangoni. Akautazama mkoba wangu.

"Umekuja na kitabu?"

"Ndiyo."

"Usikitoe hapa. Baba anajua kusoma."

Tulitoka mpaka kwenye baraza la duka lililofungwa, mvua inapiga bati. Nikaanza, sikujua, haki ya Mungu sikujua. Akaniacha nimalize.

"Najua hukujua. Nilihakikisha hujui. Unamkumbuka Frederick?"

Namkumbuka vipi nisimkumbuke? Mchumba wake wa mwaka juzi. Alipomwacha, nilimpikia Naeku makande wiki nzima na kumtukana yule kijana mpaka nikakaukiwa sauti.

"Frederick hakuwa na mwanamke mwingine. Mama yake aliuliza babu yangu alikuwa anafanya kazi gani. Nikasema anafua chuma. Kikao kikaishia pale, chai haikuisha. Halafu wewe, Nashi, umeiandika vizuri kabisa, na nukta zake. Hawaoi wala hawaolewi. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwako."

"Nitaubadilisha."

"Unajua kwa nini nilipenda huo mchezo wenu? Pale hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni wa nani. Nilikuwa Sidai tu. Jumamosi moja kwa wiki."

Akarudi ndani. Nimetembea kwa miguu mpaka Kaloleni, na nakala yenye jina lake bado ninayo.

Jumapili, 13 Aprili

Sikwenda kanisani. Sikwenda kwa Koko.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeandika upya. Wana wa Nyundo sasa ni wateule. Mungu aliwapa moto kabla ya watu wote, wana busara tano, uzuri tano, na nyundo yao huponya. Nimeupiga picha ukurasa nikamtumia Naeku.

Alhamisi, 17 Aprili

Amejibu. Mstari mmoja: *Juzi tulikuwa najisi, leo tumekuwa malaika. Tutakuwa watu lini?*

Nimeuchana ukurasa ule mpya. Nimeona haya hata mbele ya mashine ya kopi.

Jumamosi, 19 Aprili

Niliwaambia wenzangu kila kitu, isipokuwa habari za Frederick, ambazo si zangu. Nilijua Ludovick atanikanyaga, na nilistahili.

"Kwa hiyo mimi nilipokuandikia akili moja nilikuwa mbaguzi," akasema, "wewe ulipowaandikia laana ikawa mila."

"Ndiyo."

Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hakujiandaa kwa ndiyo. Akazungusha dadu mezani. Kisha akasema kwao Machame bibi yake alikuwa akimwona mfua chuma njiani anahama upande, eti akikugongea nyundo yake kwa hasira ukoo wako unakwisha. "Hata mimi nilihama naye," akasema. "Nilikuwa nimemshika bibi mkono." Zaidi ya mwaka nimecheza na huyu kaka na nilimdhania mdomo mtupu.

Aminiel aliomba picha yake aichane mwenyewe. Nikamwambia ziko sitini. Ludovick akashauri tuukate ukurasa na kubadilisha namba, kumi na tatu ifuatwe na kumi na nne mpya, watu wasigundue. Nimekataa. Ukurasa ukatwe, namba zibaki zilivyo. Atakayeuliza nitamjibu mwenyewe.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Nimepakia boksi la vitabu kwenye bodaboda, nimelifunika nailoni, mpaka Ngaramtoni. Dukani kuna kisu cha karatasi. Nilikitaka kile cha mpingo, na nilitaka Koko aone.

"Koko, niazime kisu."

Akanisogezea kibuyu cha mafuta kwanza. Nikakirudisha, nikashika kisu kwa kiganja kikavu. Koko alitoa sauti kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Juzijuzi nimeshikwa kichwa na mtu aliyekifua," nikamwambia. "Anaitwa Mzee Ezra. Anakusalimu, anasema kipini kina ufa, usikitie kwenye maji moto."

Nikakaa barazani nikaanza kukata. Ukurasa mmoja, mmoja. Akavumilia mpaka wa kumi.

"Zimeandikwa nini?"

Nikamsomea. Akatikisa kichwa kwa kukubali toka mwanzo hadi mwisho. "Umeandika sawasawa. Sasa mbona unakata?"

"Kwa sababu binti yake huyo mzee, Naeku, ni rafiki yangu, Koko. Na hata asingekuwa rafiki yangu."

"Mimi simchukii mtu. Mwiko hauna chuki."

Maneno yangu mwenyewe, ya tarehe 22 Machi. Yaliniuma zaidi kuyasikia kwake. Nilimuuliza: kama chuma kinamrudishia damu aliyekifua, mbona anayenunua kila mwaka hakimrudii?

"Una mdomo kama Mchaga," akasema, akachukua zile karatasi na kuwashia moto wa chai.

Jumamosi, 26 Aprili

Naeku hakuja. Kwa hiyo nilikwenda mimi, famasi kwake, nikapanga foleni na wagonjwa. Nikampa nakala yake. Akaifungua, akapitisha kidole kwenye kipande kilichobaki cha ukurasa uliokatwa.

"Karatasi umekata, sawa. Mimi nikija kwa bibi yako nitakaa wapi?"

Nikageuka kuitazama foleni nyuma yangu. Akaendelea:

"Siku nikikaa ndani, siyo kwenye benchi la nje, nikanywa chai kwenye kikombe ambacho hakitavunjwa nikishaondoka, Sidai atavuka mto. Sikutishi, Nashi. Nakwambia tu ninachotaka. Next. Mama, karibu, una cheti?"

Zimebaki wiki tano.

Jumapili, 27 Aprili

Koko aliomba nimwonyeshe kiganja cha kulia, kile kilichoshika kisu bila mafuta. Akakigeuza huku na huku kwenye mwanga. Hakuona kitu.

Jumapili, 4 Mei

Kiganja tena. Kizima. Nimemuuliza kama Naeku anaweza kuja. "Hapana." Tumepalilia mahindi.

Jumamosi, 10 Mei

Sidai bado yuko ng'ambo. Nilimweleza Ludovick Koko alichosema juu ya mdomo wangu, akafurahi kupita kiasi, akasema amwandikie Koko kadi ya uanachama wa Wachaga.

Jumapili, 11 Mei

Nilikuwa nimepanga kuendelea taratibu, na leo nimeshindwa. Koko alikuwa anafungua pakiti yake ya dawa, ile yenye jua, akisema tena kwamba mtoto wa famasi ana adabu kuliko mimi.

"Ndiye huyo huyo, Koko."

"Huyo nani?"

"Naeku. Binti wa Mzee Ezra. Hilo jua kalichora yeye. Kila asubuhi, mwaka wa tatu, unameza kitu kilichotoka mkononi mwake."

Akaiweka pakiti mezani. Akaitazama muda mrefu, kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Jumatano, 14 Mei

Jirani amepiga simu. Koko hajameza dawa tangu Jumapili na kichwa kinamuuma mpaka haoni vizuri. Nimeomba ruhusa, nimefika saa nne amelala, shingo inamgonga. Hofu niliyoipata sijawahi kuipata tangu kifo cha baba. Nilijiona mshenzi: nimetaka kushinda, nikamshinda bibi yangu mwenye miaka sabini na nane.

Nilitaka kumdanganya kwamba nimenunua dawa duka jingine. Neno lilikuwa mdomoni. Sikulitoa. Nikamwekea maji na pakiti ileile yenye jua, nikamwambia, "Hii ndiyo dawa, Koko. Sina nyingine, na sitakudanganya. Ukitaka nikupakie kwenye gari twende hospitali, nitakubeba."

Alilala akitazama dari. Mvua ikanyesha, ikaacha. Baadaye akauliza, "Hilo jua, nani alimfundisha kuchora macho?"

Sikuwa nimewahi kugundua kwamba jua lina macho.

Akafungua kiganja. Nikamwekea kidonge. Hakuomba kibuyu.

Jumapili, 18 Mei

Anatembea. Amenigombeza kwa maharage niliyoyapalilia vibaya, kwa hiyo amepona. Nilipokuwa naondoka akasema, akiwa amenipa mgongo: "Mlete. Lakini sikuahidi kitu."

Jumapili, 25 Mei

Naeku alivaa gauni la bluu la kanisani na njia nzima alikuwa akilinyoosha. Leo ni siku ya kwanza kuuona mlima tangu Machi, una theluji kidogo juu. Nilikuwa nimejiapiza: Koko akimwonyesha benchi la nje, nitakaa naye nje, na sitaingia ndani ya nyumba ile mpaka aingie yeye.

Koko alisimama mlangoni. Naeku akasogea, akainamisha kichwa. Mkono wa Koko ulikuwa umeshika fremu ya mlango. Niliona vidole vinavyoshika. Nilihesabu pumzi zangu, zikafika nane. Kisha mkono ukatoka kwenye fremu, ukatua juu ya nywele za Naeku, ukakaa.

"Takwenya," akasema Koko, akimsalimu kwa lugha yetu.

"Iko," akaitika Naeku.

Tuliingia. Tulikaa kwenye makochi yenye vitambaa. Koko alimimina chai kwa mkono wake, na hawakuongea habari yoyote ya maana. Waliongea dawa, waliongea kuku. Koko alimuuliza mbona jua lina macho, Naeku akasema ili limwangalie kama amemeza.

Chai ilipoisha Koko akainuka ghafla akaenda jikoni. Kibuyu cha mafuta kinakaa jikoni. Nikamfuata, nimeshajiandaa kugombana naye mpaka mwisho. Kibuyu kilikuwa kwenye msumari wake. Koko alikuwa anapekua kwenye kapu la vyombo. Akatoa kisu, akanipita, akarudi sebuleni, akamkabidhi Naeku kisu mkononi, kiganja kikavu kwa kiganja kikavu.

"Kipini kimelegea. Huyu mjukuu wangu amekiharibu na makaratasi yake. Mwambie baba yako akikaze." Akakaa, akavuta pumzi. "Na umwambie asimpe mtu wa sokoni. Nitakifuata mwenyewe."

Naeku alikifunga kwenye leso yake. Njiani alilia, mimi nikabeba mkoba wake.

Jumamosi, 31 Mei

Siku ya Vitabu. Meza yetu ilikuwa karibu na mlango, watu wengi kuliko tulivyotarajia. Wasichana wawili wa sekondari waliuliza mbona kutoka ukurasa wa kumi na tatu tunaruka hadi kumi na tano, na kuna kipande cha karatasi kilichobaki.

"Niliandika uongo juu ya watu," nikawaambia. "Nikaukata." Niliwaeleza kwa nini, nikarudia kwa kila aliyeuliza, mara ishirini na kitu, na sikuchoka.

Naeku alifika saa tisa, saa yetu. Akavuta kiti. Ludovick, mbele ya watu wote wale, akafanya sauti yake ya Msimulizi: mto bado umejaa, wenzako wanakusubiri miezi miwili, mganga Sidai, unavuka?

"Navuka."

Akarusha dadu. Ikazunguka, ikagonga kikombe, ikalala kwenye moja.

Moja ni kuanguka. Aminiel alinyoosha mkono kutaka kuisukuma dadu kidogo, arushe tena, nani ataona? Naeku akampiga kofi la vidole.

"Acha hivyo hivyo. Nimeteleza mwenyewe," akasema, na akacheka, kile kicheko chake cha zamani ambacho sikukisikia masika yote. "Andika, Ludovick. Sidai ameteleza kwenye jiwe, amelowa mpaka kiunoni, kiatu kimoja kimekwenda na maji. Amefika."